Mchi wa Feza

Muuguzi alipotafuta mahali pa kusimamishia simu yake uani kwangu, hapa Kasongo, hakupaona. Kigoda kilikuwa kifupi, meza ilikuwa na mguu mbovu, na ukuta wa matofali ulikuwa mbali na pale alipotaka mtoto asimame. Akazunguka akitazama huku na huku, kisha akaniuliza kwa adabu kama angeweza kutumia kinu. Nilimruhusu. Akaisimika ile simu kinywani mwa kinu changu, akaizungushia kitambaa isiteleze, jicho lake likaelekea uani. Joto la asubuhi lilikuwa limeanza kupanda, na pamoja nalo ikapanda harufu ya pumba za mpunga, harufu ambayo haijawahi kutoka ndani ya kinu kile hata kikisuguliwa namna gani. Niliivuta harufu hiyo nikiwa nimekaa mlangoni mwa jiko, nikawa kama mtu aliyeitwa kwa jina na sauti ya marehemu.

Mimi ni mwanamke mzee na sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu Zaina, ambaye anasoma sekondari na ambaye, tangu siku ya muuguzi, ananijibu kwa kutikisa kichwa tu. Nimemwamuru aandike kila neno kama nilivyolitamka, yakiwemo yale yatakayomuuma, na akimaliza anisomee. Wenzangu mliokulia penye kinu mtanielewa bila maelezo marefu. Ninyi ndio ninaowaambia.

Mtoto aliyetakiwa kutazamwa na simu ni Amina, mdogo wake Zaina, ambaye bado hajafikia umri wa shule. Baba yao, mwanangu, yuko Lusangi akichimba dhahabu, na mama yao siku hiyo alikuwa sokoni. Amina ana ulimi mwepesi na macho yasiyokosa kitu, lakini huanguka pasipo na jiwe wala shimo. Kikombe alichopewa kimejaa hufika kikiwa nusu. Vifungo vya gauni lake hufungwa na Zaina, na ndoo yake ndogo ya maji hubebwa na Zaina mara wanapopita kona ambayo mama yao hawezi kuiona. Mimi nilikuwa nayaona hayo yote. Nilikaa kimya, kwa sababu mtu anayempenda mdogo wake kwa namna hiyo ni vigumu kumwambia jambo.

Muuguzi alikuwa msichana wa heshima, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha kwenye kioo cha simu jinsi mtoto anavyoonekana: vitone vya mwanga mabegani, viunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, na mistari myembamba ikiviunganisha, mpaka mtoto anakuwa kama amechorwa kwa njiti za kiberiti.

"Usiogope, Koko," aliniambia, yaani bibi. "Telefoni haimuchomi mutoto sindano. Inamuangalia tu vile anasimama, vile anaruka, vile anatembea. Kama kuna kitu iko nasumbua mwili yake, tuijue mapema."

"Na mimi niko namuangalia kila siku," nikamwambia. "Macho yangu ni ya bure?"

Akacheka. "Koko, wewe unamuangalia na mapendo. Telefoni haina mapendo. Ni sababu hiyo nimeileta."

Aliomba kitambaa kisicho na maua kitundikwe nyuma ya mtoto, ili simu isichanganye mwili wake na majani ya muhogo yaliyo nyuma ya uwanja. Tukatundika vikwembe viwili vya rangi moja kwenye kamba ya kuanikia. Upepo ulikuwa ukivipeperusha, hivyo Zaina akajitolea kusimama nyuma yake avishike. Muuguzi akashukuru, akainama juu ya kioo chake. Mimi, kutoka mlangoni mwa jiko, nilikuwa ubavuni. Niliona mbele ya vikwembe, na niliona nyuma.

Amina aliambiwa asimame kwa mguu mmoja. Akasimama kama kijiti kilichochomekwa ardhini. Akaambiwa abadilishe mguu. Akabadilisha, hata hakuyumba. Akaambiwa aruke papo hapo, akaruka na kutua pale pale. Na wakati huo wote, kutoka katika mwanya wa vikwembe viwili, mkono wa Zaina ulikuwa umelikamata gauni la mdogo wake mgongoni, ukimnyanyua, ukimshusha, ukimtuliza.

"Bon," akasema muuguzi kwa furaha. "Huyu mutoto iko muzima kabisa."

Mzima kabisa. Nimeishi miaka mingi na sikutazamia kuyasikia tena maneno hayo yakitamkwa kwa namna ile, juu ya mtoto, na mtu anayesikiliza upande mmoja tu wa ukuta.

Kijiji nilichozaliwa kiko upande wa Kabambare, si mbali na Wamaza, na watu wake walikuwa wa shamba: mpunga, muhogo, karanga. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, aliyenifuata tumboni mwa mama, jina lake Feza. Alikuwa na uso ambao wageni waliurudia kuutazama. Alipokuwa amekaa, ungesema mama amezaa mtoto wa kupelekwa kwa wafalme. Alipoinuka, mambo yalibadilika. Miguu yake ilikuwa kama ya watu wawili wasiosikilizana. Uji ulifika mdomoni mwake ukiwa umepitia shavuni kwanza. Watoto wa majirani walimwita Bata, na kila tulipokwenda mtoni walitungojea njiani.

"Bata! Bata! Mayi yako iko wapi?"

"Mayi yangu iko mbele," Feza alikuwa akiwajibu bila kugeuka, akiyaelekezea kidevu maji ya mto. "Nyie mubaki nyuma, mukunywe matope!"

Walicheka wao, akacheka na yeye, kisha akaanguka, wakacheka zaidi.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu juu ya jambo hilo, na sikumwambia mtu. Niliamini kwamba vitu vilimkimbia. Nilikuwa nimeona jinsi kuku wageni wanavyotawanyika mtu wasiyemzoea anapowakaribia, na nikahitimisha kwamba kikombe, jiwe la kukanyaga mtoni, hata ardhi yenyewe, vilikuwa havijamzoea Feza. Vilimwona anakuja, vikasogea kidogo. Dawa yake, niliona, ni subira. Siku moja vingemzoea na kutulia. Nilikuwa nikikishika kikombe chake kwa mikono miwili kabla sijampa, nikikinong'oneza: huyu ni Feza, ni wa nyumba hii.

Kitu kilichomkimbia kuliko vyote ni kinu. Baba alikuwa amemchongea kila mmoja wetu mchi wake, wa kimo chake, kama ilivyokuwa desturi. Mnaujua mwendo wa michi miwili katika kinu kimoja: mmoja unapanda mwingine unashuka, na mikono isiyojuana hujuana kwa sauti. Mchi wangu ulishuka katikati. Mchi wa Feza ulishuka ukingoni. Ulitoa mlio mkavu, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira, na mpunga ukaruka nje. Ukingo wa kinu kile, kinu cha mama, ulikuwa umeanza kumeguka upande aliosimama Feza, na ubavu wa mchi wake ulikuwa na michubuko ambayo mchi wangu haukuwa nayo.

Baada ya kila mavuno alitujia Shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa ameolewa Nyangwe, katika nyumba ya Waislamu wenye duka, na kuja kwake kulikuwa safari ya kulala njiani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyekopesha tabasamu. Alikuja kumwona kaka yake, na alikuja kufanya jambo ambalo wanawake wa ukoo ule walilifanya kwa binti za kaka zao tangu zamani: alikuja kutusikiliza tukitwanga. Aliweka kigoda chake nyuma ya ukuta wa jiko, akaupa ukuta mgongo, akakunja mikono.

"Nikiwaangalia nitawapenda kwa sura," alikuwa akisema. "Nyie wote mko wazuri, hiyo naijua. Muache nisikie kazi."

Kwa sikio hilo alijua nani mvivu, nani mgonjwa, nani ana hasira na mwenzake, nani amekua. Na alichokisema akiinuka pale kwenye kigoda kilibebwa kutoka nyumba hadi nyumba. Binti aliyesemwa kuwa mzima alitajwa mbele ya wazee wenye watoto wa kiume. Binti ambaye Shangazi aliinuka bila kumsemea neno, watu walianza kumtafutia sababu, na sababu hiyo kwa kawaida waliipata kwa mama yake: alikula nini alipokuwa na mimba, alikosana na nani, alificha nini. Mama yangu alikuwa mgeni katika kijiji kile, ameolewa kutoka mbali. Mwaka ninaousimulia, Feza alikuwa amefikia umri wa kusikilizwa.

Siku chache kabla ya Shangazi kufika, mama alituita jikoni, akatuwekea mpunga kinuni, akatuambia tuanze. Kisha akafanya jambo la ajabu: akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya ukuta.

"Feza," ikaja sauti yake, "inua muchi, uushushe, lakini usiguse mupunga. Umesikia? Usiguse. Wewe mukubwa, piga ya kwako, halafu piga ya Feza."

Nilipiga. Mchi mmoja, mwendo wa michi miwili.

"Hapana. Ziko na sauti moja. Ya kwako piga katikati. Ya Feza piga pembeni kidogo, isikike mutu mwingine. Tena."

Mikono yangu iliwaka. Feza alikuwa mbele yangu akiinua na kushusha mchi wake hewani, amebana midomo asicheke, macho yamemtoka kwa furaha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza hakuna kilichokuwa kikiruka nje ya kinu. Nami nilikuwa na furaha yangu. Mama hakuwa mtu wa mchezo. Sikumbuki akituimbia wala akitukimbiza. Na sasa alikuwa amejificha nyuma ya ukuta akituambia "tena, tena," na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mama ameanza kucheza na sisi. Nilitwanga kwa bidii ili mchezo usiishe.

Shangazi alifika, akala, akaswali, akalala, na kama katika kila ziara yake mama alihakikisha Feza ameketi mbele yake, hainuki. Asubuhi akaweka kigoda. Tukatwanga. Sijatwanga vile tena maishani mwangu. Jasho liliingia machoni, sikulifuta. Mama alisimama mlangoni akipepeta ungo mtupu. Tulipomaliza, kigoda kililia, Shangazi akaja mbele akiupangusa mgongo wake vumbi la ukuta.

"Hawa wote wawili wazima kabisa," akasema. Kisha akamshika Feza kidevuni, akamtazama, na sura ile ikafanya kazi yake. "Wifi, mimi Mungu hakunipa binti. Mukubwa abaki akusaidie. Huyu mudogo nitamubeba mimi Nyangwe."

Ninyi mnajua kwamba shangazi haombi. Mtoto wa kaka ni mtoto wake. Baba alifurahi, kwa kuwa alidhani kuanguka kwa Feza ni utoto tu na kwamba mjini angelelewa vizuri. Mama alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua. Lakini neno lolote ambalo angelisema wakati huo lingebomoa neno lililokwisha kusemwa, na yeye ndiye aliyelijenga. Akaufunga mdomo, akaenda kuchemsha maji.

Mimi nilikuwa na wivu, na sioni haya kuusema, kwa kuwa ulikuwa wivu wa mtoto asiyejua kitu. Niliona mikono yangu ndiyo iliyotwanga, na mwingine ndiye aliyetunukiwa Nyangwe, pamoja na samaki wa Lualaba, mitumbwi na duka lenye vitambaa. Feza mwenyewe hakuonekana mwenye bahati. Alinijia nyuma ya nyumba wakati mama anamfungia mzigo.

"Dada, kule nani atapiga ya kwangu?"

Nilifikiri, nikampa jibu nililoliona la hekima. Nilimwambia kwamba vitu vya mjini vimezoea watu wengi, wageni kwa wenyeji, kwa hiyo havikimbii. Vinu vya Nyangwe vingemngojea. Akaniamini. Akauchukua mchi wake begani, akamfuata Shangazi, na kabla hawajafika kwenye migomba ya mwisho alikuwa ameanguka mara moja. Shangazi alikuwa mbele, hakuona.

Kilichotokea huko tulikijua kutoka kinywani mwa Shangazi mwenyewe. Alirudi kabla ya mavuno mengine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akiwa peke yake, amebeba kitu kirefu kilichofungwa katika kikwembe. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilipiga kelele za furaha, nikadhani ni samaki mkubwa aliyekaushwa na kwamba Feza yuko nyuma anakokota miguu kama kawaida yake. Nilikimbia nikampita Shangazi, nikaenda hadi kwenye migomba kumpokea mdogo wangu. Nilisimama pale nikitazama njia. Nilisimama mpaka niliposikia mama akilia nyumbani, na hata hapo sikuondoka upesi, kwa kuwa njia ile ilikuwa na kona na mtu anaweza kuchelewa konani.

Ndani ya kikwembe ulikuwamo mchi wa Feza.

"Nilimupiga," Shangazi alikuwa akisema nilipoingia. Alikuwa amekaa chini kabisa, juu ya udongo, yeye aliyekuwa hakai bila kigoda. "Wifi, nilimupiga. Anamwanga mayi, namupiga. Anavunja sahani, namupiga. Anatwanga kwa ukingo, namupiga sana, nasema huyu mutoto ananichezea, mimi si nilimusikia kwa masikio yangu vile anatwanga? Nikasema ni kiburi. Nikasema hataki nyumba yangu."

Siku moja Feza alikuwa akipanda ukingo wa mto na mtungi wa udongo kichwani, baada ya mvua. Akaanguka pamoja na mtungi, kigae kikamkata mguu. Hakusema. Mama alikuwa amemfundisha, siku ya kuondoka, kwamba kazi ikimshinda aseme kichwa kinamuuma; basi alisema kichwa, akafungwa kitambaa kichwani, na mguu haukutazamwa na mtu. Pepopunda ikamshika, taya zikafungana. Akazikwa Nyangwe.

Shangazi aliushika ule mchi, akaugeuza, akampa mama aone ubavu wake: michubuko, mingine ya Nyangwe, mibichi, na chini yake mingine ya zamani, iliyokwisha kuwa myeusi kwa jasho la mikono. Aliinua kichwa akaukuta ukingo wa kinu chetu umemeguka, mbele ya macho yake, pale ambapo kilikuwa siku zote, upande wa pili wa ukuta aliokuwa akiupa mgongo.

"Wifi," akasema polepole, "kwa nini ulinificha? Nyumba yangu haikukosa mutu wa kutwanga. Ilikosa mutu wa kuongea naye. Angeikala. Angeikala tu karibu yangu, na ule mudomo wake, anichekeshe."

Mama hakumjibu siku hiyo, na sikuwahi kumsikia akilijibu swali lile hadi anazikwa. Nimelibeba mimi. Nimekuwa mama, nimekuwa shangazi, nimekuwa mama mkwe, na nimelijua jibu tangu zamani. Alimficha kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alijua watu wakishasema jambo juu ya mtoto hawalirudishi. Sikumlaumu. Lakini nimekuwa nikifikiri, hasa mvua zinaponyesha, juu ya jambo moja: Feza alipigwa kwa sababu alisifiwa. Kama angesemwa dhaifu, angedharauliwa, na huenda angekuwa hai. Alisemwa mzima, na tangu siku hiyo kila alipoanguka alikuwa mkosaji.

Sasa nirudi uani kwangu, kwa kuwa Zaina anaona karatasi inaisha na anatumaini nitaliruka lake.

Muuguzi alikwishanyosha mkono kuitoa simu kinuni.

"Muganga," nikamwambia, "acha telefoni yako pale pale."

"Koko, tumemaliza. Mutoto iko bien."

"Hamujamaliza. Zaina, toka nyuma ya kikwembe. Kuya uikale hapa, mikono juu ya magoti."

Zaina alitoka. Hakunitazama. Muuguzi akamtazama yeye, kisha mwanya wa vikwembe, kisha gauni la Amina lililokunjamana mgongoni, akaelewa bila kuambiwa. Hakumkaripia. Akainama, akagusa kioo, akasema kwa sauti yake ile ya chini: "Amina, mama, tuanze tena. Muguu moya."

Amina akageuza kichwa akitafuta mkono uliokuwa mgongoni pake. Haukuwapo. Akainua mguu. Akaenda upande, kwanza bega, kisha mwili wote, kama Feza, sawasawa na Feza, akaanguka kwenye vumbi mbele ya jicho la simu. Zaina aliruka kwenda kumwinua, nami nikamzuia kwa fimbo yangu kifuani. Amina akajiinua mwenyewe. Akajipangusa magoti, akanijia, akaniambia kama mtu anayetoa habari:

"Koko, chini imekimbia."

Katika maisha yangu yote sikumwambia mtu, ila Feza peke yake, yale niliyoyaamini juu ya vikombe na vinu, na sasa mtoto ananiambia yeye mwenyewe, kutoka upande wa ndani.

"Umemuuza!" Zaina alilia. "Koko, umemuuza Amina! Watasema ni kilema. Shule itamukatala!"

"Hapana, dada," muuguzi akasema. Alitugeuzia simu. Mtoto wa njiti za kiberiti alikuwa akiyumba, akaanguka, akainuka, na pembeni yake ilikuwa imewaka rangi ya njano. Alitueleza kwamba njano si hukumu. Ni kusema mtoto huyu atazamwe tena, na daktari, kwa mikono na si kwa simu. Na kwamba kuna michezo ya kumfundisha mwili usawa, kidogo kidogo, ambayo hata Zaina angeweza kumchezesha. Na kwamba akianza shule mwalimu wake ataelezwa mapema.

"Ataelezwa nini?" nikauliza.

"Ataelezwa kama hii si uvivu, Koko. Ataelezwa akimwanga mayi, mutu asimupige."

Nilimwambia arudie. Alirudia. Nikamwambia amwangalie Zaina, kisha arudie tena, akarudia, bila kuuliza kwa nini mzee huyu anataka kusikia jambo moja kama mtu aliyeziba masikio.

Sijui daktari atasema nini. Sijui kama miguu ya Amina itasikilizana siku moja au la, na muuguzi hakuniahidi, jambo lililonifanya nimheshimu. Kila asubuhi Zaina humchorea mstari wa majivu uani na Amina huutembea, huanguka, huutembea. Ni marufuku kwa mtu yeyote wa nyumba hii kumwinua kabla hajajaribu mwenyewe, na ni marufuku kwa mtu yeyote kumwinulia mkono. Mambo hayo mawili nimeyaamuru siku moja, na wanaoona hayapatani wakae mbali na uwanja wangu.

Bado neno moja, nalo ni la Zaina, ingawa ananuna. Zaina, mwaka uliopita uliniuliza ni kitu gani kilikula ukingo wa kinu hiki, upande mmoja tu, ukataka kumpelekea fundi aurande uwe laini. Nilikukatalia kwa ukali, nikasema ni uzee. Halikuwa jibu. Kinu hiki ni cha mama yangu. Mchi uliishia kwa mchwa, Shangazi na mama waliishia udongoni, na kaburi la Nyangwe sijalijua mahali lilipo hata leo. Pitisha kidole pale ukingoni, polepole. Sasa andika: hapa alitwanga Feza.